Folda zimetoweka baada ya umeme kukatika, diski inajikokota

Swali (Moshi): Wakuu, kompyuta ya mezani, diski ya kuzunguka ya GB 500. Folda za hesabu za kahawa hazionekani, hata nikionyesha faili zilizofichwa. Faili moja hufunguka dakika nzima. Niendeshe chkdsk, kikaguzi cha diski cha Windows?

Jibu (Arusha): Hapana mkuu, tafadhali! Chkdsk hunyoosha mpangilio wa faili, haiokoi data. Kwenye diski inayokufa huweza kukuachia vipande vya FILE0000.CHK. Zima sasa hivi. Washa kwa Linux (mfumo mwingine wa kompyuta) iliyo kwenye flashi, kisha:

smartctl -a /dev/sda

Hiyo hutoa ripoti ya afya ya diski; humo tazama mstari wa namba 197. Thamani yake ghafi ikizidi sifuri, kuna sekta (vipande vidogo vya diski) zimegoma kusomeka. Chomeka diski nyingine yenye nafasi zaidi ya GB 500, unakili yote:

ddrescue -d -n /dev/sda /mnt/nakala/diski.img /mnt/nakala/diski.map

Hapo /dev/sda ni diski mbovu, /mnt/nakala ni ile nyingine. Ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, huchota palipo pazima kwanza. Baadaye rudia ukiweka -r3 badala ya -n. Faili la .map usilifute kamwe, ndilo linalokumbuka kazi ilipoishia. TestDisk, programu ya kurejesha sehemu za diski na faili, iendeshe kwenye nakala tu. PhotoRec, inayochimbua faili moja moja, iwe ya mwisho, maana hupoteza majina ya faili.

Jibu (mwingine, Moshi): Kwenye ripoti ileile angalia pia namba 199, makosa ya mawasiliano ya kebo. Ikiendelea kupanda, badili kebo ya SATA (inayounganisha diski na kompyuta) kabla ya kuilaumu diski. Ila ukisikia tak-tak-tak, chomoa umeme, mara nyingi hicho ni kichwa cha kusomea kimeharibika. Na asikufungulie mtu kifuniko mezani, chembe moja ya vumbi inaweza kukwangua sahani za ndani zenye data.

Muulizaji: 197 inasoma 48. Naenda kutafuta diski ya TB 1.