Kinywaji cha kuongeza nguvu na ganzi ya meno

Dereva wa Usiku: Wakuu, ninaendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma, na ili nisisinzie hunywa kinywaji cha kuongeza nguvu kidogo kidogo njia nzima. Siku hizi maji baridi yananitia ganzi meno ya mbele. Je, nikihamia aina isiyo na sukari nitasalimika?

Tabibu wa Kinywa: Ndugu, si kikamilifu. Kopo la mililita 250 la Red Bull ya kawaida lina takriban gramu 27 za sukari, ambayo bakteria wa kinywani huigeuza kuwa asidi. Lakini kinywaji chenyewe kina asidi tayari, kwani pH (kipimo cha asidi; ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi) ya vinywaji hivi kwa kawaida ni kati ya 3 na 4, ilhali enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, huanza kuyeyuka pH inaposhuka chini ya 5.5 hivi. Bila sukari, hatari ya meno kutoboka hupungua, ila mmomonyoko uko palepale.

Mama Salma: Kinachokuponza zaidi ni huko kunywa kidogo kidogo, maana mate hayapati nafasi ya kuzimua asidi. Ukimaliza, sukutua kwa maji, wala usipige mswaki kabla ya dakika 30 hadi 60, kwa sababu enameli iliyolainika hukwanguka upesi.

Dereva wa Usiku: Iliyokwisha kulika huota tena?

Tabibu wa Kinywa: Haioti. Floraidi, madini yaliyomo kwenye dawa nyingi za meno, huimarisha iliyobaki tu, kwa hiyo muone daktari wa meno mapema. Na usingizi ukikuzidi, mkuu, egesha lori ulale.