Mwenyekiti ana nyota, sisi tuna mashamba matupu

Wakuu, kamwene. Naandika nikiwa na hasira. Nitakayemkwaza nitamwomba radhi siku nyingine, leo hapana.

Mimi ni mkulima wa viazi, huku juu Njombe. Chama chetu cha ushirika sikitaji, na mwenyekiti simtaji. Nikimtaja, nusu yenu mtamtetea, na hapo hamjamwona. Mkimwona ndiyo mtamtetea kabisa.

Septemba mwaka jana tulichanga Sh. 180,000 kila mwanachama, hela ya mbegu. Tulitaka ile inayoitwa Obama (ndiyo, kuna kiazi kinaitwa Obama, hata kiazi siku hizi kinatafuta jina lenye mvuto). Mbegu zifike kabla ya mvua. Mvua ikafika, mbegu hazikufika. Januari nikapanda masalia ya ghalani, viazi vidogo vilivyonyauka na kuota vichipukizi kama ndevu, na nilichovuna nakihesabu kwa ndoo.

Lakini sikuja kulilia hela. Hela huliwa, tumezoea. Nimekuja kuulilia mkutano.

Mkutano mkuu ulikaa Machi. Watu walikuja wamenuna, wazee wengine na fimbo zao. Mimi nilikuwa na maswali manne, nimeyaandika kiganjani kwa peni. Mwenyekiti akaja kachelewa, kwa miguu, buti zimejaa tope. Pikipiki yake ilikuwa kwa jirani, niliiona wakati napita. Hakwenda meza kuu. Alianza kupita benchi hadi benchi. Mama, mjukuu alifaulu? Baba, kile kifua kimeachia? Alipofika kwangu akaniita kwa jina la marehemu baba yangu, akasema, "Mzee angekuwepo leo, hizi bakora ningezila mimi." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, wakuu. Nikakunja kiganja.

Ndipo akasimama mbele akalia. Machozi kabisa. Eti dalali amemwangusha, eti halali usiku. Jina la dalali hakulitaja, risiti hakutoa, tarehe hakuna. Bibi mmoja akaanzisha pambio. Mpaka saa tisa tulishakubaliana kuongeza Sh. 20,000 kila mtu "za kufuatilia". Yaani tumemchangia mtu nauli ya kwenda kuitafuta hela aliyoila mwenyewe.

Mtunza hazina wetu ni mama mmoja mpole, anaongea kama kuna mtoto amelala chumba cha pili. Alisimama na daftari lake. "Tarehe 4 Oktoba, mwenyekiti amechukua 2,400,000, stakabadhi haijarudi. Tarehe 11 Oktoba..." Kufika hapo watu wakaanza kuguna. Mmoja nyuma akapaza sauti, "Mama kaa chini, huna nyota!" Akakaa. Mwezi uliofuata wakamwondoa kwenye nafasi. Daftari analo hadi leo, amelifunga ndani ya kanga.

Nisimsingizie mtu. Misimu miwili nyuma, huyuhuyu mwenyekiti alitufanyia jambo ambalo mama wa daftari asingeliweza. Mnaijua lumbesa: gunia la kilo 100 linaongezewa kilemba juu, linashonwa na kamba, linapanda kwenye fuso likiwa na mzigo wa gunia na nusu, unalipwa la gunia moja. Tumelalamika miaka. Yeye alikwenda akakaa kwenye tope mbele ya fuso, akamwambia dereva apite juu yake. Ndani ya nusu saa kijiji kizima kilikuwa barabarani, na wanawake na watoto mgongoni. Msimu ule tuliuza kwa mizani. Sheria ya vipimo ilikuwepo siku zote, ila hakuna aliyewahi kutoka nyumbani kwake kwa ajili ya sheria ya vipimo. Kwa yule mtu tulitoka.

Kwa hiyo anayeniambia mvuto ni upuuzi hajakaa kijijini. Nachobisha ni sisi kumpa funguo za sanduku la hela kwa sababu tu anajua kukaa kwenye tope.

Hiyo nyota kanisani tunaiita karama, na mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba inatolewa kwa kufaidiana. Neno hilohilo la kanisani, msomi wa Kijerumani Max Weber (1864–1920) alilihamishia kwenye siasa. Alisema watu hutii kwa sababu ya mila, au ya sheria, au ya karama ya mtu. Hakusema mwenye karama ni mtu mwema. Kwake karama ilikuwa inakaa kwenye imani ya wanaomfuata, kwa nabii na kwa tapeli sawasawa. Akaongeza kwamba mwenye karama asipoleta matokeo, watu humkimbia. Hapo mzee wa Kijerumani simwelewi. Wa kwetu hajaleta hata kiazi kimoja, na sasa anatafuta udiwani, na ataupata.

Najua atatokea mtu aniletee Mkwawa, yule mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Sawa, tumjadili. Ngome yake ya Kalenga ilianguka 1894, na Wajerumani wakaahidi rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake. Watu walimficha na kumlisha mpaka alipojipiga risasi Julai 1898. Miaka minne! Huo ni mvuto, sikatai. Ila Mkwawa naye alikuwa porini, anawindwa, hana ngome tena. Walioumia kwa ajili yake waliumia pamoja naye. Wa kwetu Desemba ile tunayosubiri mbegu alikuwa anaezeka bati la rangi.

Nilikwenda kwa afisa ushirika. Kijana mstaarabu tu, akaniambia mwenye mamlaka ya juu kwenye chama ni mkutano mkuu, ndivyo Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 inavyosema, nilete muhtasari aone wanachama walilalamikia nini. Muhtasari nikaupata. Umeandikwa: "Wajumbe waliridhika na taarifa ya mwenyekiti kwa makofi." Na ni kweli, tulipiga makofi.

Nikamfuata yule mama, nikamwomba agombee uenyekiti. Akaniangalia, akauliza, "Nikisimama pale, nitawaambia nini?" Nikasema awasomee daftari. Akatabasamu akaendelea kupepeta maharage.

Alhamisi iliyopita niko stendi ya Makambako nasubiri kosta ya Njombe, mwenyekiti akaniona toka mbali. Akaniita tena kwa jina la baba. Tukakaa siti moja. Akauliza habari za mama na ule mguu wa kushoto. Wa kushoto! Kaka yangu wa damu hajui ni mguu upi. Nilikuwa nimejiandaa miezi mitatu kwa maneno ya kumwambia huyu mtu, nikajikuta namweleza dawa anazotumia mama.

Konda akaja. Mwenyekiti akapapasa mfuko wa shati, akapapasa wa suruali, akaniangalia na lile tabasamu.

Sh. 4,000 yake nimelipa mimi. Akashuka kabla yangu, akanipungia mkono dirishani, na mimi nikampungia.