"Hapa sisi ni familia": kauli inayonila usiku kucha kwenye kampuni ya programu

Wakuu, habari za usiku. Nimechoka, mnivumilie nikikwaruza.

Natengeneza programu kwenye kampuni moja hapa Dar. Jina silitaji, bado wananilipa. Ukiingia ofisini utapenda: mito mikubwa ya kukalia chini, friji la soda, ukutani maandishi SISI NI FAMILIA. Siku ya kwanza nilipiga picha nikamtumia mama. Akajibu, "Mkataba umeusoma?" Nikacheka.

Bosi hataki kuitwa bosi, anataka "bro". Mtego ndio huo. Bosi akipiga saa nne usiku unaweza kujifanya umelala, lakini bro? Bro ni ndugu!

Mwezi Machi mtu wa mauzo alimwahidi mteja kwamba mfumo wake utapokea malipo ya simu ndani ya wiki mbili. Hakutuuliza. Tukalala ofisini siku tatu, ndipo nikaelewa ile mito iliwekwa kwa kazi gani.

Lakini kilichonivunja ni Korogwe. Babu mdogo kafariki, nimeomba ruhusa, nimekwenda. Maiti haijatoka ndani, seva (kompyuta inayobeba mfumo wetu) ikaanguka. Wakuu, nimekaa kwenye mkeka msibani, laptopu mapajani, wazee wananitazama kama nimerukwa na akili. Kwenye grupu la WhatsApp la kazini ile "familia" imetuma vimikono vya pole, na chini yake, dakika hiyohiyo: "Bro, seva vipi?"

Niliporudi nikajumlisha saa zangu zote za Machi nikazipeleka kwa dada wa rasilimali watu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iko wazi: saa 45 kwa wiki, na zikizidi hapo ni ovataimu inayolipwa mara moja na nusu. Hata hiyo ovataimu ina ukomo, saa 50 kwa kila wiki nne. Mimi nilishaupita ukomo huo kabla hata ya msiba.

Dada akatabasamu, akanifungulia mkataba. Cheo: Meneja wa Mfumo. Sheria hiyohiyo inawatoa kwenye masharti ya saa wale wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Kumbe wakati nashangilia cheo, nilikuwa nasaini kufanya kazi bure. Chumba chetu kina watu saba. Sita ni mameneja, wa saba ni kijana wa fildi, mwanafunzi aliye kwenye mafunzo kwa vitendo. Sote sita tunamsimamia yeye!

Halafu kuna hiyo wanayoiita "jamii ya madevelopa", yaani watengeneza programu. Jumamosi moja kila mwezi wanafunzi wa vyuo wanajazwa ofisini, pizza, muziki, shindano la kutengeneza programu usiku kucha. Sisi mameneja tunapanga viti. Mshindi anapewa fulana na cheti. Fomu aliyosaini mlangoni inasema kila alichoandika usiku ule ni mali ya kampuni, na nani anasoma fomu huku ananusa pizza? Kuna kazi ya kijana mmoja nimeikuta ndani ya bidhaa tunayouza. Jina lake limefutwa juu ya faili, ila mwenyewe aliandika kodi yake, yaani yale maagizo ya programu (hii si ya TRA jamani), kwa maneno ya Kisukuma, na humo ndani Msukuma hatuna. Yule dogo alikuja mwezi uliofuata kuomba nafasi ya fildi. Akaambiwa nafasi zimejaa, aendelee kuja Jumamosi, yeye ni sehemu ya jamii.

Nilipomuuliza bro kuhusu hilo, aliniambia nina "nishati mbaya". Nikatolewa kwenye grupu la safari ya Bagamoyo.

Sasa naulizia jambo moja. Madai ya malipo kama haya yanatakiwa kufika CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, ndani ya siku 60, na zangu zinakwisha mwezi huu. Kuna mtu aliyewahi kwenda pale akiwa na cheo cha umeneja cha karatasi? Ushahidi walitaka nini? Mimi nina meseji za saa nane usiku, nina kumbukumbu za GitHub (mtandao tunakohifadhi kazi zetu) zinazoonyesha kila saa niliyopeleka kazi, nina picha tumelala kwenye mito.

Na wale wa "acha kazi basi", kodi ya chumba Tabata mtanilipia nyie?