Tupeane uzoefu: Mada yako imekubaliwa kwenye kongamano, nauli huna

Dodoso
Wakuu, leo kuna kijana ofisini anarukaruka, muhtasari wake umekubaliwa kwenye kongamano la masuala ya idadi ya watu. Nikamtazama, nikanyamaza. Barua ya kukubaliwa naijua, shughuli iko kwenye tiketi. Waliopitia, tiririkeni.

Mama Kaya
Umenitonesha kidonda. Waandaaji wa mkutano mmoja huko Ulaya waliniambia nunua tiketi, ukifika tutakurudishia. Nikakopa SACCOS, mume wangu akanidhamini. Ya viza nikapeleka barua ya mwaliko, ya mwajiri, taarifa ya benki, hadi cheti cha ndoa. Siku ya kuchukua pasipoti, dada wa dirishani ananisukumia bahasha huku anaongea na mwenzake. Ndani karatasi moja, kisanduku kimetiwa alama: hawajaridhika kwamba nitarudi kwetu. Mimi mwenye watoto na mkopo! Na utafiti wenyewe ulihusu vijana wanaohama vijijini. Tiketi nilichukua ile ya bei chee, isiyorudishwa hela. Waandaaji wakajibu kwa upole mwingi kuwa wanawalipa waliofika tu. Makato yamenifuata hadi mwaka wa pili.

Kisanduku cha Sampuli
Pole dada. Hiyo "tutakurudishia" imetumaliza wengi.

Mzee wa Sensa
Mnajitesa. Kongamano la UAPS, umoja wa watafiti wa idadi ya watu Afrika, lilitufuata hapa hapa Arusha 2007, tukapanda basi. Likaja Entebbe 2019, Lilongwe 2024. Nendeni ya Afrika, ubalozi wa nini?

Wastani
Mzee, kwa hiyo mtu akae miaka minne, mitano, anasubiri kuongea robo saa?

Mzee wa Sensa
Na IUSSP, wale wa dunia nzima, wanakutana kila mwezi? Nao ni miaka minne! Brisbane 2025 nauli ungetoa wewe?

Wastani
Sijasema hivyo. Soma vizuri.

Nyota ya Nairobi
Mkiacha kuzozana: ya IUSSP ya 2021 ilikuwa ifanyike Hyderabad, korona ikaipeleka mtandaoni. Nilifurahi hakuna viza wala nauli. Nimefika tu kwenye jedwali la pili, stima ikapotea mtaa mzima.

Bomba la Inchi Nne
Lilongwe nilienda kwa basi, Dar–Mbeya–Kasumulu. Bango langu la kuwasilishia utafiti nililiweka ndani ya bomba la plastiki la maji taka, mfuniko kila upande. Mpakani afande akaligonga: "Humu mna nini?" Nikasema utafiti. "Utafiti gani unakaa kwenye bomba? Fungua." Mfuniko umegoma, fundi wa pikipiki kaja na koleo. Bango likatandazwa juu ya meza ya ukaguzi, abiria wote wanachungulia. Lilikuwa na piramidi ya umri, ule mchoro wa idadi ya watu kwa kila rika, wadogo chini wazee juu, ya sensa yetu ya 2022. Afande akaweka kidole pale chini: "Mbona huku pamejaa hivi?" Nikamwambia hao ni watoto wa chini ya miaka mitano. Akaita wenzake. Nikajikuta natoa mada hapo mpakani, maswali makali kuliko ya Lilongwe! Mmoja akadai yeye hakuhesabiwa, anataka nimwandike hapo hapo. Dereva anapiga honi, mimi naeleza tofauti ya uzazi wa mjini na kijijini.

Wastani
Chai hii, haina hata tangawizi.

Kisanduku cha Sampuli
Iwe chai isiwe chai, endelea mkuu! Basi lilikuacha?

Bomba la Inchi Nne
Lilisubiri. Kondakta naye alikuwa na swali.

Mama Kaya
😂😂 Nimecheka hadi nimesahau SACCOS.

Fundi Takwimu
Chapisheni bango kwenye kitambaa, linakunjwa kama khanga, linaingia kwenye begi. Ila ushauri wangu: usinunue tiketi kabla ya viza, shikilia nafasi tu bila kulipa.

Kisanduku cha Sampuli
Ukisubiri viza itoke, tiketi imeshapanda mara mbili. Nunua mapema, mengine muachie Mungu.

Nyota ya Nairobi
Na jihadharini na zile barua pepe za "mtafiti mashuhuri, tunakualika", hata hujatuma muhtasari na tayari unadaiwa ada ya usajili.

Dodoso
Kijana anauliza CARTA wanalipia safari?

Fundi Takwimu
CARTA ni ufadhili wa PhD, na wanaangalia wafanyakazi wa vyuo na taasisi wanachama. Anafundisha wapi?

Dodoso
Hafundishi. Yuko mkataba wa miezi mitatu, anaingiza data.

Mzee wa Sensa
Basi apande basi.