UDOM, Bagamoyo, studio ya harusi au simu yangu: nianzie wapi kujifunza filamu?

BintiNkuhungu
Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni. Nimemaliza kidato cha sita, HKL: Kiswahili C, Historia D, Kiingereza E. Tangu nikiwa kidato cha pili nataka kuwa mwongozaji wa filamu. Kuigiza sitaki, nataka kukaa nyuma ya kamera.

Naishi na mama hapa Nkuhungu, anauza nafaka soko la Majengo. Kwenye kikoba tumeweka milioni moja na laki mbili kwa ajili ya masomo yangu. Simu ninayo, inachukua video safi. Naona njia nne: shahada pale UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), chuo cha sanaa cha TaSUBa kule Bagamoyo, kujishikiza kwenye studio za video za harusi hapa mjini, au nijifunze mwenyewe kwa simu na YouTube, ile pesa ninunue kamera. Nisaidieni kulinganisha, mwenzenu usiku silali.

Chimwaga_Kitambo
Mdogo wangu, kwa matokeo hayo mlango wa shahada uko wazi. Kiwango cha chini cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, ni alama kuu mbili zenye jumla ya pointi 4.0, wewe C na D zinakupa 5. UDOM wana shahada ya sanaa za maonyesho na filamu, Dar es Salaam wana ya filamu na televisheni. Soma kitabu cha mwongozo cha TCU cha mwaka wako kabla hujalipia maombi. Ukiwa kwenye shahada unaweza kuomba Bodi ya Mikopo, kwa hiyo hiyo milioni na laki mbili haitaliwa yote na ada.

Uzuri wa chuo kikuu ni kusoma tamthiliya, historia ya filamu, jinsi kisa kinavyojengwa, na kuwa na wenzako ishirini wa kubishana nao. Ubaya ni kwamba nadharia inakuja nyingi kabla ya vitendo. Mimi mwaka wa kwanza wote niligusa kamera mara chache sana. Waliotoka wakiwa wazuri ni wale waliokuwa wanashuti wikiendi bila kutumwa na mwalimu.

NgomaZaPwani
Napinga kidogo. Anayetaka kuongoza waigizaji aende Bagamoyo. Kilianza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, ikawa TaSUBa 2007, na pale mchezaji ngoma, mwigizaji, mpiga zeze na mpiga picha wanakula meza moja. Mwongozaji aliyewahi kujifunza kusimama jukwaani anajua kumwambia mwigizaji neno litakalomfikia. Na usione ni ugenini, hata Hukwe Zawose, Mgogo wetu aliyeipeleka duniani ilimba, ile marimba ya kupigwa kwa vidole gumba, makazi yake yalikuwa Bagamoyo.

Ila piga hesabu ya chumba na chakula cha kila mwezi. Hapo ndipo wengi tunakwama, ada inakuwa imelipwa na tumbo halijalipwa.

MpigaHarusi_Dom
Binti, mimi niko kwenye harusi mwaka wa sita. Nilikoanzia, studio moja ambayo sitaitaja, nilibeba stendi na taa miezi minane bila kushika kamera hata siku moja. Ukija huku patana mapema: lini utashuti, nani atakufundisha kuhariri, nauli ya usiku nani anatoa.

Faida yake ni kwamba harusi haina kurudia. Bibi harusi akivishwa pete umeikosa, basi. Unajifunza kuchaji betri zote usiku wa jana, kunakili kazi sehemu mbili kabla hujalala, na kupanga mwanga ukumbini ndani ya dakika mbili. Nikwambie na jambo ambalo wengi hapa mjini hawalijui. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Weka fremu 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Ukiacha 1/60 utaona mistari inapanda kwenye picha.

Lakini kusema kweli, harusi haitakufundisha kuandika skripti wala kuongoza mwigizaji. Miaka sita, na mpaka leo nikiambiwa nitengeneze filamu ya dakika kumi, mkono unatetemeka.

SautiKwanza
Nimesoma uzi mzima, hakuna aliyetaja sauti, na filamu zetu nyingi zinafia hapo. Mtazamaji atavumilia picha yenye ukungu. Maneno yasiposikika anabadilisha chaneli.

Dada, kamera usinunue. Nunua maiki ndogo ya kubana kwenye kola, manyoya ya kuifunika, na hadi disiki. Hii ni Dodoma, kuanzia Juni upepo unapiga mpaka mabati yanaimba, na maiki ya simu itarekodi upepo tu. Shuti nje saa moja asubuhi, au saa kumi na moja jioni jua likiwa limelala. Saa sita mchana jua liko utosini, macho ya watu yanakuwa mashimo meusi. Na kila sehemu mnayoshuti, kabla hamjafunga vifaa waambie wote wanyamaze, urekodi nusu dakika ya ukimya wa pale pale. Chumba kina sauti yake hata kikiwa kitupu, na mhariri ataihitaji kuziba mapengo.

Kitu kingine, huu ni mji wa serikali. Usitoe kamera kuelekea Bunge au Ikulu ya Chamwino ukidhani ni mandhari. Kushuti filamu kunataka kibali cha Bodi ya Filamu, sheria ipo tangu 1976, na filamu inakaguliwa na kupewa daraja kabla ya kuonyeshwa hadharani. Jifunze taratibu hizo sasa hivi, usisubiri siku ya kukamatwa na vifaa vya watu.

BintiNkuhungu
Asanteni sana wakubwa zangu. Ya sauti sikuwa nimeiwaza kabisa. Mama anasema Bagamoyo ni mbali. Ila naogopa, nikibaki Dodoma si nitakuwa nje ya soko? Kila kitu kiko Dar.

MamaMhariri
Mwanangu, ni kweli kazi nyingi ziko Dar. Zamani tuliuza DVD Kariakoo, siku hizi wanunuzi wakubwa ni televisheni, kina Sinema Zetu na Maisha Magic Bongo, nao wanataka tamthilia ndefu zenye timu kamili. Lakini tangu 2024 treni ya SGR inafika Dodoma, ukiitwa kazini unaondoka asubuhi na mchana uko Dar. Hawatakuita kwa sababu unaishi Sinza. Watakuita wakiona kazi uliyoimaliza.

Nikupe zoezi la wiki hii, halina gharama. Mrusi Lev Kuleshov, zaidi ya miaka 100 iliyopita, alichukua uso mmoja wa mwigizaji akauunganisha na bakuli la supu, kisha na jeneza, kisha na mwanamke. Uso ni ule ule, lakini watazamaji waliona njaa, huzuni, tamaa. Mshuti bibi au jirani akitazama tu, bila kuigiza. Kisha shuti sufuria tupu, viatu vya mtoto mlangoni, basi linaloondoka stendi. Unganisha kwenye simu, umwonyeshe mama yako, umuulize bibi anawaza nini. Ukilielewa hilo, uhariri umeushika shina.

BintiNkuhungu
Nimekaa na mama jana usiku. Naomba UDOM chaguo la kwanza, nikae nyumbani, nijaribu na mkopo. Laki tatu tu ndiyo tutaigusa: maiki, manyoya, hadi disiki. Zoezi nimelifanya kwa bibi yangu wa Hombolo, anachuma zabibu. Nilipoweka kiatu cha mtoto, mama alinyamaza, halafu akasema, "Anamkumbuka mjomba wako." Sikuwa nimemwambia kitu.

SautiKwanza
Maiki usinunue, ninayo ya akiba. Jumamosi saa nne nitakuwa Nyerere Square, njoo na mama yako mwichukue. Na hiyo ya bibi usiifute.