Mdogo wangu kapata chuo ila anataka kuiacha nafasi, nimwambie nini?

DadaMshonaji:
Habari wadau, naombeni mawazo maana usingizi umekata. Mdogo wangu wa kiume kapata nafasi chuo kikuu, wa kwanza ukoo mzima, na mkopo kapangiwa lakini haufiki ada yote, inabaki kama robo hivi na hapo hujagusa pa kulala na kula. Mi ndo namlea tangu mama afariki, nashona nguo, hela yangu leo ipo kesho haipo. Juzi nafagia chumbani kwake nikaikuta ile barua ya chuo kaikunja mpaka imekuwa kama tiketi, kaichomeka katikati ya daftari la hesabu, na kuripoti umebaki chini ya mwezi. Kumuuliza akanijibu dada achana nayo, nitafute kazi, wenye digrii wenyewe wamejaa mtaani, na nikishindwa katikati hilo deni atalipa nani. Nikakosa la kusema kwa kweli. Sasa nauliza, kwa mtu anayetoka nyumba kama yetu chuo kinambadilishia maisha au tunajitwisha mzigo tu? Na kama aende, tuanze kushika wapi?

Mtaani_Miaka3:
Pole dada. Mi nina digrii na mwaka wa 3 huu natafuta kazi kwa hiyo namwelewa sana mdogo wako, asionekane mvivu. Wenzangu waliopata haraka ni wale wenye mjomba ofisini, sisi wengine tunatuma barua za maombi hazijibiwi. Angalieni na ufundi, fundi umeme mzuri hakosi chakula. Ila nisiseme uongo, sijutii kusoma, kinachoniuma ni kwamba nilichagua kozi kwa kusikia jina lake zuri bila kuuliza waliotangulia wameishia wapi. Kabla hajaamua atafute watu wawili watatu waliomaliza hiyo hiyo kozi, chuo hicho hicho, awaulize wanafanya nini sasa.

Mwl_Mstaafu:
Mwanangu, nimeshauri wanafunzi miaka mingi, nikujibu kwa kirefu kidogo, univumilie.

Kuhusu kubadilisha maisha: kule Marekani mwaka 2017 wachumi, Raj Chetty na wenzake, walitoa utafiti wa rekodi za kodi za mamilioni ya wanafunzi, wakaangalia mtu katokea nyumba ya kipato gani na ukubwani anaingiza kiasi gani. Wakakuta mtoto wa maskini na mtoto wa tajiri wakisoma chuo kimoja, vipato vyao baadaye vinakaribiana sana. Yani kikwazo kikubwa kiko mlangoni. Vyuo 38 vya kule, Yale na Princeton vikiwemo, vilikuwa na wanafunzi wengi kutoka ile asilimia 1 ya familia tajiri kuliko kutoka asilimia 60 yote ya chini ukiijumlisha!

Sasa hiyo barua iliyokunjwa ndo imenigusa zaidi. Chuo Kikuu cha Michigan walifanya jaribio, vijana wenye alama nzuri wa familia za kipato kidogo wakatumiwa bahasha inayosema ukikubaliwa hapa hulipi ada miaka 4. Wengi wao msaada huo wangeupata hata bila bahasha, tofauti ni kwamba waliambiwa mapema, kwa uhakika, kabla ya kujaza mafomu ya fedha. Waliopata bahasha, 68 kati ya 100 wakaomba nafasi. Wasioipata, 26 tu. Hela haikubadilika sana, kilichobadilika ni kujua. Kijana wa nyumba isiyo na akiba akiona hesabu ina shimo, hata liwe dogo, anaona usalama wake ni kukaa nyumbani, na huwezi kumlaumu maana akianguka hakuna wa kumdaka. Kwa hiyo usimhubirie, kaeni chini muandike hesabu yote kwenye karatasi, ada iliyobaki, kitanda, chakula, nauli, vitabu, ajue shimo lina ukubwa gani hasa na linaanza mwezi gani.

Niliishia_Mwaka2:
Naongezea kwa yaliyonikuta. Mi niliingia chuo na mkopo kama huyo mdogo wako, mwaka wa kwanza nikapita vizuri tu, mwaka wa pili salio la ada likabaki dogo, dogo kweli, pungufu ya bei ya simu ya kawaida, nikafika dirishani kuchukua kadi ya mtihani yule mama akageuza skrini akanionyesha jina langu lina alama nyekundu, akasema nenda kalipe urudi. Nikatoka nikakaa kwenye ngazi nawaangalia wenzangu wanaingia na kalamu na rula. Niliona aibu kumweleza mtu yeyote, nikaondoka na sikurudi. Deni la mkopo lipo mpaka leo, cheti sina. Baadaye sana ndo nikajua chuoni kulikuwa na ofisi ya ustawi wa wanafunzi na mfuko wa dharura, na watu walikuwa wanaandikiana makubaliano ya kulipa kidogo kidogo. Hakuna aliyeniambia na mi sikuuliza. Dada mwambie siku akikwama hata hela ndogo AONGEE, siku hiyo hiyo, asisubiri mtihani.

Mwl_Mstaafu:
@Niliishia_Mwaka2 pole sana mwanangu, asante kwa kulisema. Huyo kijana hofu yake ya deni ina msingi, hata Marekani wanaoshindwa kulipa mikopo ya chuo mara nyingi ni walioacha katikati, na madeni yao mengi ni madogo kuliko ya waliomaliza. Kwa hiyo swali ni atamalizaje, sio ataingiaje tu. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Jiji la New York walianzisha programu inaitwa ASAP kwenye vyuo vyao vya miaka 2, wanajazia ada iliyopungua, wanatoa nauli, wanasaidia vitabu, na kila mwanafunzi ana mshauri anayemjua kwa jina na anayemtafuta asipoonekana. Ndani ya miaka 3 walimaliza 40 kati ya 100, wenzao wasiokuwemo 22. Nauli na mtu wa kukuuliza uko wapi, basi. Na wewe mwenyewe uliyeishia mwaka wa pili, ulishauliza kama hizo kozi ulizofaulu bado zinahesabika?

Niliishia_Mwaka2:
Sijawahi kuuliza mwalimu. Nitauliza.

DadaMshonaji:
Nimesoma yote nikamsomea na yeye, sehemu ya ile ngazi akaniambia dada rudia. Tumekaa jana usiku na karatasi, shimo ni kubwa ila sio kubwa kama alivyokuwa analifikiria, kumbe alikuwa anahesabu ada ya miaka yote mara moja! Ya muhula wa kwanza cherehani inaweza kubeba karibu nusu. Hiyo nusu nyingine ndo sijui.

Mtaani_Miaka3:
Dada kwenye ile barua chini huwa kuna namba ya ofisi ya wanafunzi. Apige yeye mwenyewe, sio wewe, aulize vitu viwili: ada inaweza kulipwa kwa awamu ngapi, na maombi ya mfuko wa dharura yanafunguliwa lini. Aandike jina la aliyemjibu.

DadaMshonaji:
Namba ipo, imekatwa na mkunjo ila inasomeka. Nimemwachia simu yangu, kesho saa 2 asubuhi anapiga. Nitawaambia.