Scream 2 kwenye runinga mpya: mbona sura zimetanuka?

Mdau wa Umoja: Wakuu, VCD (diski ya video ya zamani) ya Scream 2, filamu ya kutisha ya 1997, kwenye runinga ya inchi 43: sura zimetanuka, ule mwanzo wa ukumbi wa sinema ni miraba mitupu gizani, na mwendo ni laini kama tamthilia ya mchana. Deki ni mbovu?

Fundi Ngara: Deki haina kosa. VCD ya PAL (mfumo wa runinga wa picha 25 kwa sekunde) ina nukta 352 kwa 288 tu. Giza lazima livunjike. Kwenye umbo la picha, toa 16:9 (pana), weka 4:3 (la runinga za zamani). Ulaini ni runinga kubuni picha za katikati: zima ulainishaji wa mwendo. Punguza na ukali wa picha, huo ndio huichora hiyo miraba.

Mzee wa Kaseti: Filamu ni picha 24 kwa sekunde, PAL huziendesha 25, basi dakika 120 hushuka hadi 115 na sauti hupanda kidogo. Picha ikigandaganda, futa diski kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe kitambaa.

Fundi Ngara: Na kama picha imejaza 4:3 yote, pembeni kumekatwa. Hapo tafuta DVD tu.

Mdau wa Umoja: 4:3 imekubali. Miraba bado ipo, ila muuaji anatisha tena.